Seli ya Mafuta Haitaki Papara

SAIDA: Tumerudi. Kaka Baraka, wiki iliyopita ulinisifia seli ya mafuta ya kauri, mtambo unaotoa umeme kwa kukutanisha mafuta kama hidrojeni na oksijeni ya hewani, bila pistoni wala makelele. Hukuniambia kwamba kuuwasha tu kunaweza kula saa kadhaa!

BARAKA: Muda ulituishia, dada. Seli hii ina utando wa kauri ya zirkonia katikati, na ayoni za oksijeni, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, lazima ziupenye ndipo umeme upatikane. Haziupenyi vizuri mpaka uwe moto kwelikweli, nyuzi 600 hadi 1000 za Selsiasi.

SAIDA: Si uupashe harakaharaka?

BARAKA: Umewahi kumimina chai ya moto kwenye glasi iliyotoka kwenye friji?

SAIDA: Ya seti ya mama. Nikamsingizia paka.

BARAKA: Basi umeshaelewa. Kipande cha zirkonia cha sentimita 10 kikifika nyuzi 800 kinarefuka kama milimita 0.8. Hilo si neno, ilimradi kirefuke chote kwa pamoja. Taabu ni kwamba kauri hii inapitisha joto taratibu mno. Ukiiharakisha, ukingo mmoja unawaka na mwingine bado wa baridi, sasa wanavutana. Chuma kingejipinda kidogo kikavumilia. Kauri inapasuka.

SAIDA: Halafu kauri yenyewe imegandana na vipande vingine.

BARAKA: Ee, upande wa mafuta kuna elektrodi, tabaka la kupitisha umeme, yenye madini ya nikeli, nayo inatanuka kuliko zirkonia. Pembeni kuna vizibo vya kioo vya kuzuia mafuta yasikutane na hewa. Kikiingia ufa, hidrojeni inaungua palepale, joto linapanda sehemu moja, ufa unazidi.

SAIDA: Na kupoa? Nilidhani huko ndiko kupumzika.

BARAKA: Wapi! Kata mafuta ghafla seli ikiwa bado moto, hewa itaingia kwenye nikeli na kuigeuza oksaidi, yaani nikeli iliyoungana na oksijeni, na oksaidi hiyo inataka nafasi zaidi kwa karibu asilimia 70. Inaisukuma kauri kutokea ndani. Ndiyo maana mitambo mingi huendelea kupitishiwa gesi ya kuilinda nikeli mpaka ipoe.

SAIDA: Sasa mafundi wamejinasuaje?

BARAKA: Kule Uingereza, miaka ya 1990, mwanasayansi Kevin Kendall alitengeneza seli za umbo la mirija myembamba ya milimita chache. Kitu chembamba kinapata joto sawasawa, unakiwasha kwa dakika. Ceres Power, kampuni iliyochipuka Imperial College London mwaka 2001, wao wanapaka kauri nyembamba ya seria juu ya bati la chuma cha pua, kazi ifanyike kwenye nyuzi 500 hadi 600. Mzigo unabebwa na chuma. Mimi hii ndiyo naipenda.

SAIDA: Lakini gari? Nani atasubiri barazani gari lipate moto?

BARAKA: Nissan walionyesha lao Brazil mwaka 2016: seli ya kilowati 5 inayotumia ethanoli, na betri ya kilowati-saa 24. Betri ndiyo inayoendesha gari, seli inaijaza.

SAIDA: Kumbe betri inatangulia, seli inafuata nyuma na chakula.