Mkuu wa Shule Akitoka, Kazi Hubaki?

Ndugu wakuu wa shule, walimu wenzangu, asanteni kwa kuniita.

Naomba tuanzie kwenye kitabu cha mahudhurio. Saa moja na nusu juu ya alama, mkuu anachora mstari mwekundu. Mwalimu aliyechelewa dakika 5 anasaini chini ya mstari, mbele ya wenzake. Kesho yake anawahi, anasaini juu, kisha anakaa ofisini kipindi kizima huku darasa lake likipiga kelele. Mstari umemleta shuleni, darasani hajaingia.

Jambo hili lina utafiti wake wa siku nyingi. Mwaka 1939 Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White walichapisha nchini Marekani majaribio yao juu ya vikundi vya wavulana wa miaka 10 waliopewa kazi za mikono. Kiongozi aliyetoa amri alipata kazi, ila akitoka nje tu, mikono inalegea. Walioongozwa kwa kushauriana waliendelea hata peke yao. Mwalimu si mtoto, najua. Lakini nani kati yetu hajaona ofisi ya walimu ilivyo siku mkuu amesafiri?

Sisemi amri haina mahali pake. Usalama wa watoto na usiri wa mitihani havipigiwi kura. Na mkuu anayeachia kila kitu tusimwite mpole: wanaomchoka mapema ni walimu wenye bidii, maana ndio wanaoingia vipindi vya wenzao.

Mwaka 2008 Viviane Robinson na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu uongozi wa shule na maendeleo ya wanafunzi. Kilichoonekana kuwa na nguvu kuliko vyote ni mkuu kushiriki mwenyewe katika kujifunza kwa walimu wake. Si kuwatuma semina, bali kuketi nao.

Mimi nilikutana na mkuu wa namna hiyo. Alikaa dawati la nyuma bila fomu wala andalio langu la somo mkononi. Kipindi kilipokwisha aliniuliza, “Mwalimu, ulipouliza lile swali la pili, kwa nini wote walinyamaza?” Sikuwa na jibu, naye hakuwa nalo. Tulilitafuta pamoja mpaka kengele ya mapumziko ikalia. Wiki iliyofuata alifundisha yeye, mimi nikakaa nyuma, na swali lake la kwanza nalo likanyamaziwa. Kuanzia hapo nilikuwa namfuata mwenyewe aje kuniangalia.

Sasa tazameni ajenda za vikao vyetu: fedha, nidhamu, sare, taarifa za ofisi. Ufundishaji unasubiri kwenye mengineyo, wakati watu wameshashika mikoba. Ombi langu kwenu wakuu ni hili: kikao cha kwanza cha muhula ujao, ufundishaji utangulie, na wa kwanza kusimama na kueleza kipindi kilichomshinda awe mkuu wa shule.