Kutengeneza Uso wa Saa wa Enameli kwa Vizimba vya Waya

Karibu, mtazamaji. Mkononi nina kisahani cha shaba nyekundu chenye kipenyo cha milimita 38 na unene wa milimita 0.6, ambacho leo tutakigeuza kuwa uso wa saa wa buluu isiyochujuka. Enameli si rangi ya kupaka. Ni kioo kilichosagwa kikawa unga, kikayeyushwa juu ya madini mpaka vikashikana, na ndiyo sababu pete zilizotengenezwa katika kisiwa cha Kupro zaidi ya miaka 3,000 iliyopita zingali na enameli yake hadi leo. Tutafuata mtindo wa vizimba vya waya, yaani waya mwembamba hugawa uso kuwa vyumba vidogo vya kujazwa enameli, mtindo ambao Wafaransa huuita kluazone na Wachina wameupa jina la mfalme Jingtai wa nasaba ya Ming, aliyetawala kuanzia mwaka 1449 hadi 1457.

Kabla ya yote, vaa miwani ya kinga na barakoa, kwa kuwa unga wa kioo haufai kabisa kuingia mapafuni, kisha chagua enameli isiyo na madini ya risasi. Tundu la katikati, litakalopitisha ekseli ya mishale, litobolewe sasa, shaba ikiwa tupu. Kibinue kisahani kidogo sana kama kifuniko, kwa maana bamba lililo bapa kabisa hupindika kwa urahisi motoni. Kisugue, kitumbukize katika asidi ya sitriki yenye uvuguvugu, kisha kioshe mpaka maji yatande juu yake bila kujikunja kuwa matone. Matone yakionekana, ujue bado kuna mafuta ya vidole, na enameli haitashika mahali hapo.

Sasa tunaanza na mgongo, upande ambao mvaaji wa saa hatauona kamwe. Shaba inapopoa husinyaa kuliko kioo, hivyo ukipaka enameli upande mmoja tu, vitu hivi viwili vitavutana, bamba litajikunja na kioo kitapasuka, pengine saa kadhaa baada ya kutoka motoni. Visahani vyangu vya kwanza vilipasuka hivyo usiku, juu ya meza, kwa sababu niliona uvivu kupaka upande usioonekana. Tandaza gundi nyepesi mgongoni, nyunyiza unga kwa chekecheke laini, acha ukauke, kisha uchome kwa nyuzi joto 800 za Selsiasi kwa muda wa dakika moja na nusu hivi. Safisha upande wa mbele uliopata weusi wa moto, kisha uutandike enameli angavu isiyo na rangi na uuchome vilevile.

Tandiko hilo la mbele lina kazi kubwa: kuutenga waya na shaba. Waya tutakaotumia ni wa fedha safi, ambayo peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 962, lakini fedha ikigusana na shaba, viwili hivyo huanza kuyeyuka pamoja kwenye nyuzi 779 tu. Waya ukizama na kuifikia shaba, mchoro wako utatoweka ukiutazama. Kwa hiyo kuanzia sasa tanuri lisizidi nyuzi 760.

Kata waya bapa wenye kimo cha milimita moja, uukunje kwa kibano ukifuata mchoro, na kila kipande kisimame kwa ubavu wake. Kipande kilichonyooka kabisa hakisimami, kwa hiyo kipe mpindo hata kama ni mdogo. Vishikize kwa gundi, choma kwa muda mfupi, na vizimba vyako viko tayari.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote, ingawa wengi huiruka: kuosha unga. Weka enameli ya buluu, ambayo rangi yake inatokana na kobalti, katika kinu cha kauri pamoja na maji safi. Isage taratibu, tikisa kinu, subiri sekunde chache chembe nzito zitue, kisha mwaga maji yaliyochafuka kama maziwa. Rudia. Utarudia mara nane, mara kumi, au zaidi, mpaka maji yatoke maangavu kama yalivyoingia. Lile vumbi jepesi unalolimwaga ndilo linalofanya buluu ionekane kama ina ukungu, na likishayeyuka ndani ya kioo hakuna namna ya kulitoa.

Kwa ncha ya brashi nyembamba, jaza kila kizimba kwa tabaka jembamba la unga ulioloa, ukinyonya maji pembeni kwa kitambaa cha pamba. Kausha kisahani juu ya tanuri mpaka mvuke uishe kabisa, maana unyevu uliobaki utachemka na kurusha chembe kwenye vizimba vya jirani. Kiingize kwa uma mrefu na uchungulie: unga utakunjamana kama ganda la chungwa, kisha utalainika na kung'aa. Hapo kitoe mara moja. Rangi zitaonekana nyeusi kikiwa chekundu kwa moto. Usibabaike, zitarudi kinapopoa. Kiweke mbali na upepo.

Kioo kikiyeyuka huzama, hivyo jaza na kuchoma tena mara nne au tano, mpaka kilingane na ukingo wa waya. Usijaribu kuokoa muda kwa tabaka nene, kwani huhifadhi mapovu ambayo yatafunguka kuwa mashimo wakati wa kusugua.

Sugua uso wote chini ya maji kwa jiwe la kunolea, kisha kwa msasa laini zaidi na zaidi, hadi kila waya uonekane kama mstari mwembamba wa fedha. Osha kwa brashi ngumu, kausha, na uchome mara ya mwisho kwa muda mfupi ili mng'ao urudi. Kiache kisahani kipoe bila kukigusa, kisha chukua lenzi, ukigeuze, na uanze kukagua mgongo.