Mwacheni Mwenyewe Asome

Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi wengine, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie vitabu vya sauti kwa ujumla wake, lakini wanaonifahamu wanajua nitaishia wapi, kwa hiyo sitawazungusha. Nina neno moja. Mtu mashuhuri akiandika maisha yake, asome mwenyewe. Asikodiwe mwigizaji, asiitwe mtangazaji, asitafutwe kijana mwenye sauti nzito ya matangazo ya biashara. Mwenyewe aingie studio, akae mbele ya kipaza sauti, asome. Na sisi wasikilizaji, kabla hatujatoa hela zetu, tutazame kwanza jina la anayesoma.

Najua mmekwisha kunisikia nikilisema hili. Nalisema tena kwa sababu halijafanyiwa kazi.

Nianze na Trevor Noah, mchekeshaji wa Afrika Kusini, maana huo ndio mfano ninaoupenda kuliko yote. Kitabu chake, Born a Crime, kilitoka mwaka 2016. Mama Mxhosa, baba Mswisi, mtoto kazaliwa Johannesburg mwaka 1984, wakati sheria ya makaburu ikihesabu mapenzi ya wazazi wale kuwa kosa la jinai. Historia hiyo mnayo, siirudii. Mimi nataka tuzungumze masikio.

Kitabu kile kimejaa lugha: Kiingereza, Kixhosa, Kizulu, Kitswana, Kiafrikana. Na lugha ndiyo iliyomlinda mtoto yule asiye na kabila la kumpokea. Kuna kisa kimoja mnakikumbuka. Anatembea barabarani, nyuma yake wanakuja vijana wa Kizulu, wanapanga kumkaba. Wanapanga kwa sauti, kwa Kizulu, kwa sababu wameona rangi ya ngozi yake wakadhani haelewi kitu. Anageuka. Anawajibu kwa Kizulu hicho hicho, anawaambia kwa nini tusiungane tukamkabe mtu mwingine. Wanaduwaa. Wanamwomba radhi, wanamwacha aende zake.

Sasa kisome kisa hicho kwenye karatasi. Ukifika kwenye sentensi ya Kizulu, jicho linairuka. Usiniambie haliruki kwako, linaruka. Hujui zile herufi zitamkwe vipi, kidoko, ile sauti ya kugonga ulimi, kinakaa wapi, kwa hiyo unakimbilia tafsiri iliyo chini yake na unaendelea. Umeelezwa kwamba kijana alibadilisha lugha, basi. Lakini kisikilize. Sauti hiyo hiyo iliyokuwa ikikusimulia kwa Kiingereza kwa saa nzima, ya mtu uliyekwisha kumzoea, ghafla inatoka na Kizulu kamili, bila kusita, bila kujikusanya kwanza. Unashtuka. Mshtuko unaoupata ndio walioupata wale wakabaji. Kwa nukta moja umesimama upande wao, umemdhania mtu kisivyo, na yeye amekugeukia. Karatasi haiwezi kukufanyia hivyo, hata mwandishi awe hodari namna gani.

Halafu mama yake. Mmesoma habari za Jumapili za makanisa matatu, na lile gari bovu la Volkswagen, na mtoto anayebishana na mama kwamba gari kuharibika huenda ni dalili Mungu anataka wabaki nyumbani. Siku hiyo wanapanda basi dogo, dereva anamtukana mama kwa kuwa ni Mxhosa, anamtisha, na mama anamsukuma mwanawe wa miaka tisa nje ya gari linalokwenda, kisha anaruka naye kichanga kifuani. Trevor anapomsema mama yake, anamsema kwa sauti ya mama: ule ubishi, ile imani isiyopinda, lile Kristo-kasema-hivi linalomaliza kila mabishano. Ametumia utoto wake wote akiisikia sauti ile jikoni, garini, kanisani. Mwigizaji wa New York angeipata wapi? Angetupa lafudhi ya Kiafrika ya jumla, ile ambayo haina mtaa, ambayo tumeichoka kwenye filamu. Wazungu wasingeijua kasoro yake. Sisi tungeijua, na Waxhosa wangeijua kabla ya sentensi ya pili kwisha.

Na mwisho wa kitabu, ile sura ya baba wa kambo kumpiga mama risasi kichwani, mama akapona, na akiwa bado kitandani hospitali akamtania mwanawe kwamba sasa yeye Trevor ndiye mzuri wa sura katika familia. Utani ule ukiandikwa, unasimama peke yake kwenye mstari na msomaji anajiuliza acheke au asicheke. Ukisemwa na mwana aliyekuwa amekaa pale akilia, unajua. Kitabu kizima ni karibu saa 9. Mwaka 2018 Wamarekani walimpa Audie, tuzo yao ya vitabu vya sauti, kama msomaji bora wa kiume, na ilistahili.

Nasikia mtu ananong'ona pale: Trevor ni mchekeshaji, kuiga sauti ndiyo kazi yake, mtu wa kawaida hawezi. Nimelijibu hili mara nyingi na nitalijibu tena. Jimmy Carter alikuwa mchekeshaji? Mzee yule mkulima wa karanga kutoka Plains, Georgia, alitoa kumbukumbu zake, A Full Life, mwaka 2015 akiwa na miaka 90, akazisoma mwenyewe. Haigizi mtu. Anasoma polepole kwa lafudhi ile ya kusini, kama anayewaeleza watu wa darasa lake la Biblia. Februari 2016 akapewa Grammy, ana miaka 91. Kwa hiyo wachapishaji msituambie mzee amechoka. Mpeni kiti kizuri, mpeni maji, mrekodi nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, mwezi mzima ikibidi.

Na Barack Obama je? Dreams from My Father kilichapishwa mwaka 1995. Mwaka 2005, akiwa seneta, akakisoma mwenyewe, na Februari 2006 akapata Grammy. Humo utamsikia akiwasema jamaa zake wa Kenya kwa lafudhi zao, na rafiki zake wa ujana kwa lugha yao ya mtaani, matusi yakiwamo. Watu walishangaa kusikia matusi kinywani mwa mtu aliyekuja kuwa rais. Mimi nilifurahi, kwa sababu hivyo ndivyo vijana wale walivyosema, na yeye hakuwasafisha. Hapa lakini niwatahadharishe: usomaji ule wa 2005 umefupishwa. Tazameni sana neno hilo kabla ya kununua. Safari ya Kogelo, kijijini kwa baba yake Kenya, ndiyo moyo wa kitabu kile, na mtu wa huku anayetaka kila neno la bibi yake Sarah akisimulia ukoo, na dada yake Auma akitafsiri, bado atahitaji karatasi pembeni.

Sasa wale wa kusema kusikiliza si kusoma. Walimu wenzangu, nawaheshimu, lakini katika hili mnanichosha. Vitabu vya sauti vilianza miaka ya 1930 kwa ajili ya wasioona. Marekani ilikuwa 1934, Uingereza 1935, na kati ya walioviomba walikuwamo askari waliopofuka katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mtasimama mbele ya mtu asiyeona aliyesikiliza kitabu kuanzia mwanzo hadi mwisho mumwambie hakukisoma? Na sisi wenyewe, tuliokuwa tukikimbia nyumbani tusipitwe na Mama na Mwana ya Redio Tanzania Dar es Salaam, tuliojua tenzi kwa kuzisikia zikighaniwa kabla hatujaziona zimepigwa chapa, tangu lini sikio limekuwa mlango wa uvivu? Kitabu cha fizikia, sawa, kaa mezani na kalamu. Lakini tawasifu ni mtu anakusimulia maisha yake. Hakuna maandishi yanayoliomba sikio kama hayo.

Kuna jambo zito zaidi, na hapa nataka tuelewane. Vitabu vingi vya mastaa haviandikwi na mastaa peke yao. Hilo si siri wala si aibu. Spare, cha Mwanamfalme Harry, cha mwaka 2023, kiliandikwa kwa kalamu ya J. R. Moehringer, mwandishi hodari kweli kweli. Kwa hiyo ukisoma sentensi nzuri humo, huwezi kujua ni ya nani. Lakini kitabu cha sauti alikisoma Harry mwenyewe, kama saa 15 na zaidi. Ina maana kila sentensi ililazimika kupita kinywani mwake. Unaweza kumruhusu mtu aandike kitu kwa jina lako ukakipitisha kwa kutia sahihi. Kukitamka kwa sauti, neno kwa neno, ukijua dunia nzima itakusikia, ukimtaja kaka yako na baba yako, hiyo ni kazi nyingine. Penye neno lisilo lake ulimi unalijua, na msikilizaji makini analijua. Ndiyo maana nasema kwa kitabu kilichoandikwa na wawili, usomaji wa mwenyewe ndiyo sahihi yake ya kweli.

Kuna udhuru mmoja ninaoukubali. Britney Spears alisoma utangulizi tu wa The Woman in Me, mwaka 2023, kisha akamwachia mwigizaji Michelle Williams yaliyobaki. Alieleza kwamba kuyarudia yale kulikuwa kuzito mno kwake. Mwanamke aliyeishi miaka 13 chini ya usimamizi wa kisheria wa baba yake, siwezi kumlazimisha aketi ndani ya chumba kilichofungwa asome kila siku ya miaka ile. Alifanya inavyopasa: aliingia mwenyewe, akasema huyu ndiye atakayewasomea, akatoka. Michelle Williams akasoma kwa adabu, bila kujifanya Britney. Hivyo ndivyo mtu anavyosomewa.

Lakini udhuru huo ni wa maumivu. Si wa ratiba.

Nije kwa Mandela. Long Walk to Freedom kilitoka mwaka 1994. Ukitaka kukisikiliza, unamkuta Danny Glover katika toleo lililofupishwa, na Michael Boatman katika toleo kamili. Waigizaji wazuri, Wamarekani wote wawili. Mzee mwenyewe hayumo. Na hapa pananiuma, kwa sababu sauti yake ilikuwapo! Kitabu kile kilipokuwa kikitayarishwa, kati ya mwaka 1992 na 1993, Mandela alikaa na mwandishi mwenza, Richard Stengel, wakazungumza mbele ya kinasa sauti kwa zaidi ya saa 60. Mzee anasimulia kijijini, anasimulia gerezani, anakatizwa, anacheka, anarudi nyuma kusahihisha. Kanda zile umma ulizisikia kwa mapana Desemba 2022, Stengel alipotoa kipindi chake cha Audible, Mandela: The Lost Tapes. Mandela alikuwa amefariki mwaka 2013. Zile kanda nazithamini kuliko usomaji wowote wa kitabu kile, na kama hamjazisikia, zitafuteni. Halafu mniambie kama bado mnataka kusomewa habari za gereza la Robben Island na mtu asiyefungwa hata siku moja.

Na kwetu? Siti binti Saad tunamsikia akiimba, kwenye santuri zilizorekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928. Maisha yake tumeyapata kwa kalamu ya Shaaban Robert. Namshukuru sana Shaaban Robert, lakini ningetoa mengi kumsikia Siti mwenyewe akieleza siku aliyotoka Fumba kwenda mjini. Mzee Ali Hassan Mwinyi alizindua Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu tarehe 8 Mei 2021, siku aliyotimiza miaka 96. Kwa Kiswahili! Wakati wakubwa wengine wanaandika maisha yao kwa Kiingereza, yeye kaandika kwa lugha aliyoisema vizuri kuliko wengi wetu. Februari 29, 2024 akatutoka. Kila nikifungua kitabu kile naisikia ile sauti yake ya taratibu, yenye adabu ya Unguja, lakini naisikia kwa sababu nilikuwapo wakati akihutubia. Mtoto aliyezaliwa mwaka jana hataisikia kwenye karatasi.

Ndugu zangu wachapishaji, mkataba mnaouandika na mzee wa siasa, na mwanamuziki wa taarabu, na mchezaji mpira wa zamani, utieni kifungu cha sauti siku hiyo hiyo ya kwanza. Msingoje uzinduzi. Hata kabla muswada haujaisha, washeni kinasa sauti.

Muda umekwisha, naona mwenyekiti ananitazama, basi mengine kwa haraka. Wanaosikiliza kwa kasi mara mbili: kwa tawasifu acheni, yale mapumziko kati ya sentensi ni sehemu ya maneno. Wanaolalamikia bando: saa moja ya usomaji kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni kama megabaiti 29, kwa hiyo hata Becoming ya Michelle Obama, saa 19, haifiki megabaiti 600. Pakueni penye intaneti ya bure, msikilize kwenye foleni. Ndugu zetu walioko Marekani, kadi ya maktaba ya mji wenu inawapa vitabu hivi bila malipo kwenye simu, msitoe dola kabla hamjauliza maktaba.

Nilitaka kusema pia juu ya sauti za kutengenezwa na kompyuta, kwamba warithi wa msanii waulizwe kabla ya sauti yake kuigizwa. Hilo linataka siku yake. Maswali sasa. Dada wa pale nyuma, uliinua mkono nilipomtaja Mzee Mwinyi, anza wewe.