Klorini ya bombani na samaki wako

SALUM: Karibuni tena. Maswali mengi mnayotutumia yanafanana: nimebadilisha maji jioni, asubuhi samaki wote wako juu wanahema. Da Mwanaidi, tuanzie wapi?

MWANAIDI: Tuanze na klorini, kaka Salum. WHO inataka maji yamfikie mtumiaji yakiwa bado na klorini angalau miligramu 0.2 kwa lita. Kwa binadamu hiyo ni kinga nzuri dhidi ya kipindupindu. Lakini ukomo wa EPA, shirika la mazingira la Marekani, kwa viumbe wa maji baridi, hata kwa muda mfupi, ni miligramu 0.019. Yaani maji safi ya kunywa yana klorini mara kumi ya anayoimudu samaki. Inamuunguza matamvua, ndiyo maana anahema ilhali hewa imo majini.

SALUM: Wengine wanasema, mbona mimi nayalaza tu usiku kucha?

MWANAIDI: Kulaza kunafaa chombo kikiwa wazi na kina mdomo mpana. Beseni, saa 24, na jiwe la hewa ndani ili klorini itoke upesi. Jua nalo linaivunja. Simtanki lenye mfuniko ni jambo jingine, klorini haina pa kutokea. Halafu kuna hili la mgao hapa Dar: maji ya boza yakija, mtu wa nyumbani anatia WaterGuard, dawa ya klorini ya kutibu maji ya kunywa, kwenye ndoo. Dozi yake ni karibu miligramu 2 kwa lita kwa maji meupe, karibu 4 kwa maji ya tope. Kabla hujaigusa ndoo, muulize aliyeijaza.

SALUM: Asiyeweza kusubiri?

MWANAIDI: Thiosalfeti ya sodiamu, chenga nyeupe zinazouzwa kwenye maduka ya kemikali za maabara. Yeyusha gramu 10, ujaze maji yaliyochemshwa yakapoa hadi mililita 100. Kila mililita inabeba miligramu 100. Hesabu ni miligramu 7 za dawa kwa kila miligramu 1 ya klorini. Ndoo ya lita 20 yenye klorini miligramu 1 kwa lita inataka mililita 1.4, basi vuta 2 kwa bomba la sindano, koroga. Ikiwa imetiwa WaterGuard dozi kubwa, weka 6. Kuzidisha kidogo hakuna neno. Chupa ikianza kufanya ukungu na mashapo, mwaga utengeneze nyingine.

SALUM: Na anayeingiza mpira moja kwa moja tangini?

MWANAIDI: Hapo ndipo wengi wanapounguza. Dawa ipigiwe hesabu ya tangi zima, siyo ya maji mapya peke yake, na itangulie maji. Tangi la lita 100, mililita 10.

SALUM: Tuna wasikilizaji Marekani pia.

MWANAIDI: Wao wapige simu mamlaka yao ya maji, waulize kama ni kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia. San Francisco, kwa mfano, wanaitumia tangu 2004. Hiyo hailazwi ikaondoka. Thiosalfeti inaivunja lakini inaacha amonia, na kwa anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika, wanaotaka pH ya juu ya 8, amonia hiyo huwa sumu kali zaidi. Anunue dawa inayofunga amonia pia.

SALUM: Sponji ya filta je? Watu wanaisugua bombani.

MWANAIDI: Wasifanye hivyo kabisa! Bakteria wanaokula amonia ya uchafu wa samaki wanaishi humo. Ukiwaua leo kwa klorini ya bomba, samaki wanaonekana wazima. Siku chache mbele amonia inapanda na unatafuta ugonjwa usiokuwepo. Ikamue kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini.

SALUM: Na mtu atajuaje klorini imekwisha?

MWANAIDI: Kipimo cha DPD, kile cha mabwawa ya kuogelea. Maji yakigeuka waridi, bado ipo: ongeza mililita 1 kwenye ndoo, koroga, pima tena. Maji ya kipimo yamwage kwenye sinki, yasirudi kwa samaki.