Serikali Inanunua Swali

Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi wengine, poleni na safari. Najua wapo waliotoka Columbus usiku ili wawahi kiti hapa asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie SBIR, mpango ambao serikali ya Marekani huutumia kuzipa kampuni ndogo fedha za utafiti. Kila tunapokutana Waswahili wa huku, iwe harusini au msibani, hakosi mtu wa kunivuta pembeni: "Kaka, nasikia kuna hela za bure za serikali." Hilo neno "bure" ndilo linalotupoteza, naomba tuanze nalo.

Fedha hizi hazirudishwi, ni kweli. Si mkopo, na serikali haidai hata hisa moja ya kampuni yako. Ukigundua kitu, hataza, yaani haki ya ugunduzi, unaiandikisha kwa jina la kampuni. Serikali inabaki na haki ya kukitumia katika shughuli zake. Lakini kuna kitu unaiuzia. Unaiuzia swali. Swali la kiufundi ambalo hakuna ajuaye jibu lake, na wewe una njia ya kulitafuta. Mwenye kiwanda cha kusaga nafaka anayetaka mashine ya pili hana swali. Ana haja, na haja yake ni halali, ila aende benki. Anayetaka kujua kama sumukuvu inaweza kutambuliwa ndani ya punje wakati mahindi yanapita kwenye mkanda, huyo ana swali.

Mpango ulizaliwa kwenye Taasisi ya Taifa ya Sayansi, NSF, mwaka 1977. Ofisa mmoja pale, Roland Tibbetts, aliona kwamba fedha za utafiti za serikali zinaishia kwenye vyuo vikuu na makampuni makubwa, ilhali vikampuni vya watu watano au kumi vina mawazo yenye hatari ambayo benki haiyagusi. Julai 1982 Rais Reagan akatia saini sheria iliyozilazimisha idara nyingine zifuate. Idara yenye bajeti ya utafiti wa nje inayozidi dola milioni 100 kwa mwaka hutenga sehemu kwa ajili ya kampuni ndogo. Mwanzoni ilikuwa asilimia 0.2 tu, leo ni asilimia 3.2. Ulinzi, Afya, Nishati, NASA, Kilimo, jumla idara 11. Qualcomm, ya chipu za simu, ilipita hapa ikiwa changa. Symantec, ya programu za kulinda kompyuta, pia, na iRobot, ya roboti za kufagia nyumba.

Fedha zinakuja kwa awamu. Ya kwanza huchukua miezi sita mpaka mwaka, na kikomo chake ni zaidi kidogo ya dola 300,000. Kazi yake ni kuonyesha kwamba jambo linawezekana. Ya pili ni miaka miwili hivi, inafika takriban dola milioni 2, hapo unajenga chenyewe. Awamu ya tatu haina fedha za mpango huu. Unatafuta wanunuzi na wawekezaji, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Sasa niwaeleze la kwangu, maana ndilo ninalolijua kwa undani.

Mnakijua kile kibanio cha kidoleni, cha kupima oksijeni ya damu. Kinapitisha mianga miwili kwenye kidole: mwekundu, nanomita 660 hivi, na wa infraredi usioonekana kwa macho, 940 hivi. Damu yenye oksijeni na isiyo nayo huimeza mianga hiyo kwa viwango tofauti, na kifaa kinapiga hesabu kutokana na tofauti hiyo. Shida ni kwamba melanini, ile rangi ya ngozi, nayo inameza mwanga, na mwekundu inaumeza zaidi ya infraredi. Desemba 2020 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti wa wagonjwa wa hospitali za Marekani: upungufu wa oksijeni ambao kibanio hakikuuona ulikuwa karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Mara tatu, ndugu zangu. Mtu anakosa pumzi, kibanio kinasema yuko sawa.

Nikaandika andiko langu la kwanza la kuomba fedha hizi. Kurasa nzima nilieleza uchungu wa jambo hilo, nikaeleza mama zetu, soko, idadi ya hospitali. Likarudi. Mpitiaji mmoja aliandika kwamba tatizo limeelezwa vizuri sana, ila utafiti wenyewe haumo. Nilikasirika wiki nzima. Wiki ya pili nikalisoma upya, nikaona mpitiaji kasema kweli. Nilikuwa nimeandika, "Tutatengeneza kifaa bora." Hilo ni tangazo.

Andiko la pili lilikuwa na sentensi moja iliyobeba yote: je, tukiongeza mwanga wa tatu, tunaweza kutenganisha kinachomezwa na melanini na kinachomezwa na damu, kosa lisizidi asilimia 3? Nikaeleza kwamba nitamwaga jelatini kwenye trei iwe mfano wa ngozi, tabaka juu ya tabaka, kila trei na kiwango chake cha rangi, kuanzia ngozi nyeupe hadi nyeusi kama yangu, na chini nipitishe mirija ya damu ambayo oksijeni yake nimeshaipima kwa njia nyingine. Nikaandika na hili: trei za weusi zaidi zikizidi kosa hilo, njia hii imeshindwa nami nitasema hivyo. Nilisita sana kuiacha hiyo sentensi. Unaomba fedha, unataja mwenyewe siku utakayoshindwa! Ndiyo iliyosifiwa kuliko zote.

Masharti nitayapitia haraka. Kampuni iwe ya faida, iwe hapa Marekani, isizidi wafanyakazi 500, na zaidi ya nusu yake imilikiwe na raia au wakaazi wa kudumu. Ndiyo, kadi ya kijani inatosha. Mtafiti mkuu lazima kampuni hiyo iwe ndiyo ajira yake kuu fedha zinapotolewa. Wenzangu wa zamu za hospitalini, lipimeni hilo mapema na familia. Awamu ya kwanza, theluthi mbili za kazi zifanywe na kampuni yenyewe. Anayehitaji maabara ya chuo aangalie mpango dada, STTR, ambao unadai ushirika na chuo au taasisi ya utafiti.

Na sheria hii si ya kudumu. Mwaka 2022 ilihuishwa siku ya mwisho kabisa, 30 Septemba, kwa miaka mitatu. Ilipofika 30 Septemba 2025 ikaisha muda bila Bunge kukubaliana. Kwa hiyo kabla hujakesha na andiko, angalia idara unayoilenga inapokea au imefunga.

Lakini usajili usiungoje mlango ufunguliwe. Kampuni lazima iandikishwe kwenye SAM, mfumo wa serikali, ipewe namba yake ya herufi na tarakimu 12. Jina na anwani vifanane kabisa na karatasi zako za kodi. "Mtaa" hapa na kifupisho kule kinaweza kukurudisha nyuma wiki kadhaa. Usajili hauna malipo. Atakayekupigia simu akitaka dola 600 za kukusajili, huyo ni dalali, kata simu.

Nitakuwa kwenye meza ile ya nyuma mpaka wenye ukumbi watutoe. Njoo, hata kama huna kampuni bado. Ila kabla hujafika mezani, chukua karatasi uandike swali lako kwa sentensi moja, na chini yake uandike ni matokeo gani yatakayokufanya ukiri kwamba umekosea. Tutaanzia hapo.