Mzigo wa Elimu

Ndugu wahitimu, wazazi wetu, walimu,

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nimekuja kuisema mizigo ambayo wengi wetu tunaiona usufi kwa kuwa haiko kichwani petu.

Uvivu sitakaa nao sana. Mvivu mwenyewe hausikii uzito wake. Anausikia dada yake anayeamka alfajiri kuchota maji ya watu wawili. Ila naomba tusimwite mvivu kijana aliyezunguka na bahasha ya vyeti mwaka mzima akakosa kazi. Huyo ametwikwa, na anajua anachokibeba.

Upendo nao una uzito wake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walibainika Kagera mwaka 1983. Miaka iliyofuata, mabibi walizika wana na wakwe zao, wakashika jembe upya kulea wajukuu. Walikuwa wamefika umri wa kupumzika. Nani aliwauliza kama wanaweza?

Sasa elimu, maana ndiyo iliyotukusanya leo. Mwaka 1966 serikali iliamua wasomi walitumikie taifa kwa miaka miwili, na kwa muda mwingi kati ya huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga. Kulikuwa na bango lililodai kwamba enzi za ukoloni zilikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao, karibu 400.

Hapo ndipo wengi huishia wanapoisimulia habari hii, na mimi naona wanaikata pabaya. Wale vijana walikuwa na hoja moja ya haki: mbona wakubwa wenye mishahara minono hawaguswi? Mwalimu aliikubali. Siku ileile alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitatu na ushei baadaye likaja Azimio la Arusha, lililowawekea viongozi nao miiko ya kutojitajirisha. Aliwadai vijana deni la wakulima waliowasomesha, lakini alianza kwa kuutia bega lake mzigo huohuo.

Kwa hiyo leo siwageukii wahitimu. Nawageukia ninyi wa viti vya mbele, rika langu. Tulisomeshwa chuo kikuu kwa fedha za umma, chakula na malazi juu, kabla uchangiaji wa gharama haujaanza. Kahawa, pamba na korosho za watu ambao hawakuwahi kuliona lango la chuo ndizo zilizotulipia. Hawa vijana wengi wao wamesoma kwa mkopo. Wakipata ajira, Bodi ya Mikopo itawakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Na bado tunasimama kwenye mahafali kuwahubiria uzalendo!

Wao deni lao limeandikwa, na watakatwa. Letu sisi tunalilipa wapi, na kwa nani? Nawaachia kipaza sauti. Anayetaka kujibu ajibu, wazee kwanza.