Hiyo Rifandi Mnayoniuliza Kila Machi

Haya, asalaam aleikum nyote, na wengine hamjambo. Leo si video ya theluji wala ya bei za supamaketi. Leo nimekuja kujibu lile swali. Mnalijua. Kuanzia Februari mpaka Aprili linaingia kwenye komenti, linaingia WhatsApp, linafika mpaka kwa mamangu pale Kisauni, Mombasa: "Ni kweli serikali ya huko Marekani huwapa pesa kila mwaka? Binti yako amepewa ngapi?" Na wenye haraka hata hawaulizi kama ni kweli, waanza moja kwa moja kuniomba karo.

Nikinyamaza, mwasema naficha. Nikitaja kiasi, najigamba. Nikisema hakitoshi, nalalamika ilhali niko Marekani. Basi leo nasema yote, kila mtu achague lake la kunisema.

Rifandi, yaani kodi unayorudishiwa na serikali, si bonasi. Kila mshahara ukitoka, mwajiri amekwisha kukata kodi kwa kukisia, kufuatana na fomu ya W-4 uliyojaza siku ya kuajiriwa. Januari anakupa W-2, karatasi inayoonyesha ulipata nini na ulikatwa nini mwaka mzima. Wewe unajaza ritani, ile taarifa ya kodi ya mwaka, unapiga hesabu ya kodi uliyodaiwa hasa. Ukiwa ulikatwa zaidi, unarudishiwa. Ukiwa ulikatwa pungufu, unalipa, mwisho tarehe 15 Aprili. Ni konda aliyekaa na chenji yako kutoka Likoni mpaka Ukunda, akakurudishia ukishuka, nawe ukamshukuru kwa ukarimu wake.

Kwa hivyo ukimwona mtu anaringia rifandi ya dola 3,000, jua kila mwezi aliikopesha serikali dola 250 bila faida. Mimi W-4 yangu nimeirekebisha nikatwe karibu na kile ninachodaiwa. Mwaka huu ninachorudishiwa hakinunui hata nusu ya tiketi ya ndege ya kuja Mombasa. Samahanini waliokuwa wamekwisha kukipangia matumizi.

Sasa hesabu, maana najua kuna wanaosema "lakini mwapata dola". Simsemi mtu, wala si mshahara wangu, ni mfano. Chukua mtu asiye na mke wala mtoto, anafanya kazi hapa Columbus, Ohio, mwaka 2025 amepata dola 42,000. Ukizidisha kwa shilingi 129 za Kenya upesi upesi unaona milioni tano na ushei, unamwona tajiri. Ngoja. Kwanza zinatoka asilimia 7.65 za uzeeni na matibabu ya wazee, hizo hazina msamaha: dola 3,213. Kodi ya serikali kuu nayo: kuna kiasi kisichotozwa kodi, mwaka 2025 ni dola 15,750 kwa mtu peke yake. Zinabaki 26,250. Hapo 11,925 za mwanzo zinatozwa asilimia 10, zilizobaki asilimia 12. Jumla kama dola 2,911. Mji wa Columbus nao, mji wenyewe, unataka asilimia 2.5: dola 1,050. Hapo jimbo la Ohio halijachukua lake. Hujalipa pango la nyumba, bima ya gari, wala bima ya afya. Walioko Texas au jimbo la Washington hawana kodi ya mapato ya jimbo, wakija huku hutucheka.

Haya, nisikae sana hapo. La kuniuma ni jingine.

Hapa mtu akiwa na wategemezi anapunguziwa kodi. Mimi nategemewa, mwanijua. Dawa za presha za mamangu, umeme, mtoto wa dadangu yuko kidato cha tatu. Lakini sheria yasema mtegemezi awe raia wa Marekani, au mkaazi wa Marekani, Canada au Mexico. Kisauni haimo. Mama aliyenizaa, ninayemlisha kila mwezi, kwenye ritani yangu hayupo. Kwetu kungekuwa Tijuana, kule Mexico, ningeweza kumweka. Na pesa unazotuma nyumbani hazipunguzi kodi hata senti moja, ziwe za hospitali, ziwe za matanga. Mchango wa madrasa ya kwetu nao hivyo hivyo, wanakubali taasisi zilizosajiliwa huku tu. Sasa wewe unayeniandikia ati "tuma tu, si serikali yenu itakurudishia", nani alikwambia?

Nadhani najua nani alikwambia. Kuna mtu hapa, mwenzetu kabisa, Mswahili, kila msimu wa kodi anajazia watu ritani sebuleni kwake. Simtaji, wala msikisie kwenye komenti. Anakutoza sehemu ya rifandi yako, kwa hivyo kadiri rifandi inavyokuwa kubwa ndivyo na yeye anavyoshiba. Nilikwenda kwake mara ya kwanza, akaniuliza, "Una watoto wa ndugu Mombasa? Nipe majina, tuwaweke." Nikamwambia hawaishi huku. Akacheka. Nikachukua karatasi zangu nikaondoka. Tangu siku hiyo katika kila harusi nasikia mimi ni mwenye maringo, najidai mjuzi wa sheria. Sawa. Lakini sikilizeni: anayejaza ritani kwa malipo lazima awe na namba yake ya IRS, mamlaka ya kodi ya huku, inaitwa PTIN, na lazima atie sahihi. Huyu hatii. Ukifika ukaguzi, ritani ni yako, jina ni lako, deni na faini ni vyako, na yeye hayumo popote kwenye karatasi. Wenye kipato cha kawaida wana msaada wa bure, programu ya VITA, watu wa kujitolea waliofundishwa na IRS, wapo kwenye maktaba na vituo vya jamii. Bure, lakini watu wanapapita wakaenda kulipa dola 400 sebuleni.

Sasa wale wenzangu mlioko huku, mnaoniuliza nifanyeje nipunguziwe. Haya nisemayo ni yangu na mfuko wangu. Mimi nahudumia wazee usiku, si mhasibu. Wewe waweza kuwa na mtoto, una biashara, viza yako ni ya aina nyingine, kwako hesabu ikawa tofauti kabisa. Wanafunzi wengi hata fomu yao si hii yetu. Usinifuate halafu uje kunitukana Aprili.

Ninachofanya mimi ni akiba ya uzeeni. Iko ya kazini, ile 401(k). Mtu wetu wa dola 42,000 akiweka 3,000 humo, ile ya kawaida, si ya Roth inayotozwa kodi kwanza, hizo 3,000 hazihesabiwi kwenye kodi ya serikali kuu. Asilimia 12 yake ni dola 360, zimeokoka. Na hapa ndipo wengi hawajui: kuna punguzo la wenye kipato cha chini wanaojiwekea akiba ya uzeeni. Kwa mtu peke yake mwaka 2025, mapato yake baada ya kutoa hizo akiba yasipozidi 39,500, anapunguziwa asilimia 10 ya alichoweka. Yeye ameshuka mpaka 39,000, amepita. Dola 300 nyingine. Jumla 660, na zile 3,000 bado ni zake, ingawa akizitoa kabla ya umri wa miaka 59 na nusu kwa kawaida atatozwa kodi na asilimia 10 juu. Mwajiri akiwa anachangia, ndiyo zaidi. Mji wa Columbus hausamehi, wao asilimia yao wanaikata hata kwa uliyoweka akiba, na zile 7.65 nazo hivyo hivyo. Wenye kuogopa riba na hisa za pombe, ulizeni kazini kama kuna mfuko unaokubalika kwa sheria ya dini. Pengine upo, pengine haupo. Kwangu haukuwepo, nikafungua pembeni akaunti ya IRA, ya akiba ya uzeeni unayojifungulia mwenyewe.

Na hiyo IRA ndiyo ya kukimbilia kwa waliochelewa. Ya kazini mwisho wake ulikuwa Desemba, lakini IRA ya mwaka 2025 mwisho wa kuiwekea ni tarehe 15 Aprili 2026, kikomo dola 7,000 kwa walio chini ya miaka 50. Mengine mengi ya kupunguza kodi, mkija kuniuliza Machi, mmeshachelewa. Machi ni ya kuandika yaliyokwisha kutokea. Kupanga ni Oktoba, Novemba, wakati hakuna hata mtu mmoja anayetazama video zangu za kodi. Nimeangalia. Ile niliyoweka Novemba ilitazamwa na watu wachache kuliko ile ya kupika mahamri.

Ovataimu. Wenzangu wa zamu za usiku mlisikia ati ovataimu haina kodi tena. Si hivyo. Kuanzia 2025 mpaka 2028, ile nusu ya nyongeza ndiyo inayotolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi ya serikali kuu. Ukilipwa dola 20 kwa saa na ovataimu 30, zinazotolewa ni zile 10. Kikomo ni dola 12,500 kwa mwaka. Zile 7.65 zinakatwa palepale. Na kwa mwaka 2025 waajiri hawakulazimishwa kuiandika peke yake kwenye W-2, kwa hivyo mimi nimekaa na karatasi za mshahara za mwaka mzima sakafuni, kalamu mkononi, naongeza nusu nusu. Waajiri wangu nilipowapigia waniandikie jumla tu, simu ilipelekwa idara hii, idara ile, mwisho nikaambiwa nitume barua pepe. Bado nangoja jibu.

Waliooa na wake wako nyumbani, hili lenu. Msijaze kuwa hamna mke. Najua mnafanya hivyo, mwaniambia wenyewe. Kwa wengi njia halali ni mbili: kujaza peke yako lakini kama mtu mwenye ndoa, au mkajaza pamoja, yeye akaombewa namba ya kodi iitwayo ITIN kwa fomu ya W-7, kile kiasi kisichotozwa kodi kikawa dola 31,500 kwa mwaka 2025. Lakini mkijaza pamoja, mapato yake ya huko nayo yanaingia. Ana duka Kongowea? Linaingia. Pigeni hesabu kwanza. Ila ukiandika huna mke, kesho unamwombea mke viza, na karatasi za udhamini zinataka ritani yako. Ofisa atasoma kitu gani? Wenye wake wawili msiniulize mimi.

Na mapato ya nyumbani yana kodi huku pia. Ukiwa mkaazi wa Marekani kikodi, pango la vyumba vyako vya Mtwapa unalitaja huku, hata kama KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, wamekwisha kuchukua yao, na Kenya na Marekani hazina mkataba wa kodi ya mapato. Weka risiti zote za KRA, mpelekee mtaalamu wa kweli. Akaunti zako zote za benki nje ya Marekani zikijumlishwa zikapita dola 10,000 hata siku moja katika mwaka, yaani kama shilingi milioni 1.3, lazima uripoti kwa fomu ya FBAR. Si kodi, ni taarifa tu, lakini kuiacha kunaweza kukuletea faini inayopita dola 10,000. Na akaunti ya chama ambayo wewe ni mweka sahihi inahesabiwa, hata kama pesa si zako. Ndiyo sababu nilijitoa kwenye sahihi za kile chama chetu, si kwa sababu "nimewadharau", kama ilivyosemwa kwenye kikao ambacho sikuwepo kujitetea.

Mlio na PIN ya KRA mliyoiacha tangu chuo, ingieni iTax, tovuti yao, kabla ya tarehe 30 Juni kupita. Ukiwa huna mapato Kenya, jaza ritani ya sifuri, ni dakika chache ukikumbuka nywila. Usipojaza, faini ni shilingi 2,000 kwa kila mwaka uliokosa, na unaikuta imekungojea siku unataka kuhamisha hati ya shamba.

Swali la mwisho, la yule aliyelalamika kuwa mwaka huu nilichotuma kimepungua. Toka tarehe 1 Januari 2026, ukituma pesa nje ukilipa kwa noti dukani, kuna ushuru wa asilimia 1. Ukilipa kwa kadi ya benki ya hapa au kutoka akaunti, haupo. Mimi hutuma kwa kadi. Kwa hivyo ushuru haukuhusika, ndugu yangu, nilituma kidogo.

Wenye maswali ya W-7 andikeni hapo chini nikipata nafasi nitajibu. Ila tafadhali, msiandike namba zenu za Social Security kwenye komenti. Mmoja ameshafanya hivyo, nimemfutia, na bado amerudi kuuliza mbona nimemfutia.